Bei ya kaboni kwa meli za mizigo: inamfikiaje mfanyabiashara wa Ziwa Mweru?

Ukisimama Kafutuma, kwenye ufukwe wa Nchelenge, ukitazama machweo, mbele yako ni Ziwa Mweru na ng'ambo ya maji ni Kongo. Bahari ya Hindi iko nyuma ya mgongo wako, zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka. Kwa mtu aliye hapo, habari za meli za baharini na moshi wake zinaweza kuonekana kuwa ni mambo ya watu wa Dar es Salaam au Durban. Lakini hebu tazama kilichomo ndani ya mtumbwi mmoja wa wavuvi wa chisense, dagaa wa ziwa hili. Kuna nyavu, taa za betri za kuvutia samaki usiku, mashine ya boti na dumu la petroli. Karibu vyote hivyo vilipanda meli kabla ya kupanda lori. Kwa mujibu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo (UNCTAD), zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za biashara ya dunia, kwa ujazo, husafirishwa baharini.

Kwa sababu hiyo kura iliyopigwa London tarehe 17 Oktoba 2025 inamhusu pia mtu ambaye hajawahi kuiona bahari. Siku hiyo nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) ziliamua kuahirisha kwa mwaka mmoja mpango wa kuzitoza meli kubwa kwa hewa ukaa zinayoitoa. Makala hii inaeleza mpango huo ni nini, Ulaya tayari inafanya nini, na senti ngapi zinaweza kufika Nchelenge, Kilwa au Pweto.

Maana ya bei ya kaboni

Bei ya kaboni ni malipo anayotozwa mtoaji wa hewa ukaa kwa kila tani anayoitoa. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko mjadala wa mabadiliko ya tabianchi. Mwanauchumi wa Cambridge, Arthur Cecil Pigou, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1920: mtu anayemletea mwenzake hasara bila kuilipia atazidisha jambo hilo, na dawa ni kumtoza kiasi kinacholingana na hasara hiyo. Mwenye meli hununua mafuta, hulipa mabaharia na ada za bandari. Moshi hulipiwa na mtu mwingine kabisa, ambaye hana mkataba naye wala hajui jina la meli.

Kuna njia mbili za kufanya hivyo. Serikali inaweza kupanga bei, kwa mfano dola 100 kwa tani, kisha isubiri kuona moshi utapungua kiasi gani. Au inaweza kupanga kiwango cha moshi kinachoruhusiwa, ikatoa hati za idadi hiyo na kuacha soko lipange bei ya hati. Njia ya kwanza huitwa tozo, na ya pili ni soko la hati za kaboni.

Wasomaji wetu wanaovuka mipaka kwa gari wamekwisha kuonja kitu cha jina hilo. Zambia ilianza kutoza ada ya kaboni kwa magari mwaka 2006, na dereva aliyeingia nchini humo na gari la kigeni anaikumbuka karatasi yake. Kwa jicho la kiuchumi ada ile ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilipangwa kufuata ukubwa wa injini na si mafuta yaliyochomwa. Gari linalozunguka mchana kutwa na gari la injini ile ile lililoegeshwa uani yalilipa sawa. Ada ya namna hiyo huingiza fedha serikalini, lakini haimpi dereva sababu yoyote ya kuchoma mafuta kidogo.

Kwa meli hesabu ni rahisi zaidi, kwa kuwa moshi hufuata mafuta moja kwa moja. Kila tani moja ya mafuta mazito ya meli ikichomwa hutoa tani 3.114 za hewa ukaa. Msomaji asishangae kuona moshi una uzito kuliko mafuta yenyewe. Kaboni iliyomo kwenye mafuta huungana na oksijeni ya hewani, na oksijeni hiyo nayo ina uzito wake.

Kwa nini meli ziliachwa nje

Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997 uliopanga viwango vya kupunguza gesi joto kwa nchi tajiri haukuzihesabu meli za kimataifa ndani ya viwango hivyo. Sababu ilikuwa ugumu wa kuamua moshi ni wa nani. Meli inaweza kuwa na mmiliki Mgiriki na bendera ya Liberia, mabaharia wake wakawa Wafilipino, na mzigo ukatoka China kwenda Tanzania. Kazi hiyo ilikabidhiwa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao yake London.

IMO haikuwa na haraka. Mkakati wake wa kwanza ulipitishwa Aprili 2018, ukilenga kupunguza gesi joto za meli kwa angalau nusu ifikapo 2050, ikilinganishwa na mwaka 2008. Utafiti wa shirika hilo uliotolewa 2020 ulionyesha kwamba usafiri wa majini ulitoa tani milioni 1,076 za gesi joto mwaka 2018, kutoka milioni 977 mwaka 2012. Hiyo ni karibu asilimia 3 ya gesi joto zote zinazotokana na shughuli za binadamu. Julai 2023 lengo lilikazwa: kufikia sifuri ifikapo au karibu na mwaka 2050, na njiani kupunguza angalau asilimia 20 ifikapo 2030 na asilimia 70 ifikapo 2040.

Malengo peke yake hayaendeshi meli. Mafuta mazito ni rahisi, na mafuta safi kama methanoli ya kijani au amonia ni ghali mara kadhaa. Bila bei ya kaboni kuziba pengo hilo, mwenye meli anayenunua mafuta safi anamwachia mshindani wake wateja. Visiwa vya Marshall na Solomon viliona hivyo mapema, na mwaka 2021 vilipendekeza tozo ya dola 100 kwa kila tani. Bara letu nalo halikukaa kimya. Azimio la Nairobi, lililotolewa na viongozi wa Afrika Septemba 2023, liliunga mkono kodi ya kaboni ya dunia itakayogusa pia usafiri wa majini na wa anga.

Ulaya ilitangulia

Umoja wa Ulaya ulichoka kusubiri. Tangu tarehe 1 Januari 2024 soko lake la hati za kaboni, lililoanza 2005 kwa viwanda na mitambo ya umeme, limeingiza meli za mizigo na abiria zenye ukubwa wa tani 5,000 au zaidi. (Tani hizi ni kipimo cha ujazo wa meli wala si uzito wa mzigo.) Safari kati ya bandari mbili za Umoja huo huhesabiwa moshi wote. Safari kati ya bandari ya Ulaya na bandari ya nje huhesabiwa nusu. Malipo yalianza kwa hatua: asilimia 40 ya moshi wa 2024, asilimia 70 ya moshi wa 2025, na moshi wote kuanzia ule wa 2026.

Hapa kuna jambo ambalo waagizaji wengi hawalijui. Safari huishia pale meli inapopakia au kupakua mzigo kwa mara ya kwanza nje ya Ulaya. Kontena likitoka Antwerp likateremshwa Salalah, Oman, na kupakiwa kwenye meli nyingine ya kwenda Dar es Salaam, kipande cha Salalah hadi Dar es Salaam hakimo katika hesabu ya Ulaya. Zipo bandari mbili za jirani, Port Said Mashariki na Tanger Med, ambazo Ulaya imezitaja kwa majina ili kontena zinazoshushwa hapo zisitumike kuukwepa utaratibu huo. Salalah haimo.

Kwa mwaka 2024 hati ya tani moja ilikuwa ikiuzwa kati ya yuro 50 na 80 hivi. Tuseme, kwa mfano tu, kontena la futi 20 kutoka Antwerp hadi Dar es Salaam kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema linatoa tani 2 za hewa ukaa. Nusu yake ni tani 1. Kwa bei ya yuro 70, nyongeza kamili ni yuro 70, na kwa safari ya 2024 ni yuro 28 tu kwa kuwa hesabu ilikuwa ya asilimia 40.

Mpango wa London

Mpango wa IMO ulikubaliwa hatua ya kwanza Aprili 2025, kwa kura 63 dhidi ya 16, huku nchi 24 zikijizuia kupiga kura. Marekani ilikuwa imejitoa kwenye mazungumzo. Saudi Arabia na wazalishaji wengine wa mafuta walipinga. Visiwa vya Pasifiki vilivyokuwa vikidai tozo kamili kwa kila tani vilijizuia, vikisema mpango ni dhaifu mno.

Vilikuwa na hoja, kwa sababu kilichokubaliwa si tozo kwa kila tani. Ni mchanganyiko wa aina yake. Meli za kimataifa zenye tani zaidi ya 5,000, ambazo hutoa asilimia 85 hivi ya hewa ukaa ya usafiri huo, zingewekewa viwango viwili vya usafi wa mafuta vinavyokazwa kila mwaka. Meli iliyofikia kiwango kikali haitozwi. Iliyo kati ya viwango viwili inalipa dola 100 kwa kila tani ya upungufu, na upungufu ulio chini ya kiwango cha msingi unalipiwa dola 380 kwa tani. Bei hizo zilipangwa kwa miaka ya 2028 hadi 2030.

Vyombo vya habari vilishika ile namba ya 380 na kuwatisha watu. Tuifanye hesabu vizuri. Mwaka 2028 kiwango cha msingi kingedai mafuta yawe safi kwa asilimia 4 kuliko kigezo cha 2008, na kiwango kikali asilimia 17. Chukua meli inayoendelea kuchoma mafuta mazito ya kawaida. Katika kila tani 100 za gesi joto, tani 83 zinapita bure, tani 13 zinalipa dola 100 kila moja, na tani 4 zinalipa dola 380. Jumla ni dola 2,820, yaani dola 28 hivi kwa tani. Mwaka 2030, kiwango cha msingi kikifika asilimia 8 na kile kikali asilimia 21, wastani ungekuwa kama dola 43.

Mkutano wa kuupitisha rasmi uliitishwa Oktoba 2025. Kabla yake serikali ya Marekani ilitishia kuziwekea nchi zitakazouunga mkono vikwazo vya viza na ada za bandari. Siku ya mwisho Saudi Arabia ilipendekeza kuahirisha; nchi 57 zilikubali, 49 zikakataa na 21 zikajizuia. Mpango haukufa, lakini ratiba iliyotazamia kanuni kuanza kutumika Machi 2027 ilivurugika.

Hesabu ya belo, mfuko na lita

Sasa turudi ziwani. Takwimu za meli zifuatazo ni za mfano, za kawaida kwa meli za ukubwa huo.

Meli ya makontena inatoka Shanghai kwenda Dar es Salaam kwa siku 20, ikichoma tani 60 za mafuta kwa siku. Ni tani 1,200 za mafuta na karibu tani 3,740 za hewa ukaa. Ikiwa imebeba makontena 3,000 ya futi 20, kila moja lina mgao wa tani 1.25. Kwa tozo kamili ya dola 100, waliyoitaka watu wa Pasifiki, kontena lingeongezewa dola 125. Kwa mpango wa London wa 2028, ambao huhesabu gesi joto kuanzia kisima cha mafuta hadi kwenye propela, nyongeza ni dola 42 hivi.

Kontena la futi 40 la nguo za mitumba, au salaula kama wasemavyo Zambia, huchukua takriban mabelo 550 ya kilo 45. Nyongeza ya mpango wa London ni dola 84, sawa na senti 15 za dola kwa belo. Kwa tozo kamili ni senti 45.

Mbolea husafiri kwa meli za shehena isiyofungwa, ambazo hubeba mzigo mwingi kwa mafuta kidogo. Meli yenye tani 40,000 za urea kutoka Ghuba, siku 12 kwa tani 28 za mafuta kwa siku, inatoa kama kilo 26 za hewa ukaa kwa kila tani ya mbolea. Kwa dola 100 mfuko wa kilo 50 unaongezeka senti 13 za dola, au senti 26 kama meli inarudi tupu na mkulima akabebeshwa safari zote mbili. Kwa petroli iliyoletwa Dar es Salaam na meli ya mafuta kutoka Ghuba, nyongeza kwa lita moja haifiki hata robo ya senti.

Kwa upande wa mauzo ya nje, kontena la futi 20 hubeba tani 25 hivi za shaba. Dola 125 kwa kontena ni dola 5 kwa tani. Watu wa Mweru wana kipimo chao cha kuilinganisha namba hiyo. Mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi, kaskazini mwa mji wa Kilwa upande wa Kongo, ulipoanza kazi 2002 chini ya kampuni ya Anvil Mining, mzigo wake ulivushwa ziwani kwa matishari hadi Nchelenge, kisha ukaendelea kusini kwa barabara. (Mji huu wa Kilwa msomaji asiuchanganye na kisiwa cha Kilwa kilicho ndani ya ziwa upande wa Zambia, wala na Kilwa ya pwani ya Tanzania.) Mwaka 2008 bei ya shaba ilishuka kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani katikati ya mwaka hadi karibu dola 3,000 mwezi Desemba, na uzalishaji Dikulushi ukasimamishwa. Dola 5,000 ziliondoka katika bei ya tani moja ndani ya miezi sita, na matishari yakakosa kazi. Dola 5 za kaboni haziwezi kufanya hivyo.

Matishari yenyewe, pamoja na maboti yote ya Mweru, hayamo katika mpango wowote. Hakuna chombo ziwani kinachokaribia tani 5,000, na maji hayo si njia ya bahari.

Ushuru juu ya tozo

Najua hesabu za senti hazimtulizi mtu anayeuza rejareja. Senti 15 zikiondoka Shanghai hazifiki Kashikishi zikiwa 15. Mwagizaji, muuzaji wa jumla na mwenye duka, kila mmoja hukokotoa faida yake kwa asilimia ya gharama. Hilo ni kawaida ya biashara.

Lipo jingine ambalo halina ulazima. Forodha ya Zambia hukadiria ushuru kwa thamani ya CIF, yaani bei ya bidhaa pamoja na bima na gharama ya kuisafirisha. Nyongeza ya kaboni ikiingizwa kwenye gharama ya usafirishaji, inaingia pia kwenye thamani inayotozwa ushuru. Chukua ile dola 84 ya kontena la futi 40 lenye bidhaa ya ushuru wa asilimia 25. Ushuru unaongeza dola 21. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 inakokotolewa juu ya jumla ya dola 105, nayo inaongeza dola 16.80. Mwagizaji analipa dola 121.80 kwa ajili ya tozo ya dola 84, na dola 37.80 zimebaki hazina bila kupunguza gramu moja ya moshi.

Kwa maoni yangu hili ndilo suala la kwanza ambalo vyama vya wafanyabiashara vya Zambia na Kongo vinapaswa kulipeleka kwa serikali zao. Kuiondoa nyongeza ya kaboni katika thamani ya forodha ni uamuzi wa Lusaka na Kinshasa, hauhitaji kura ya London.

Lori linachafua kuliko meli

Tani moja ya shaba ikisafirishwa kutoka Dar es Salaam hadi Shanghai, zaidi ya kilomita 11,000, kwa hesabu yetu ya juu inatoa kilo 50 za hewa ukaa. Tani hiyo hiyo ilifikaje Dar es Salaam? Lori la tani 30 kutoka Ndola, kilomita 1,900 hivi, likinywa lita 45 kwa kila kilomita 100, linachoma lita 855 za dizeli. Kila lita hutoa kilo 2.68. Ukigawa kwa tani 30, ni kilo 76 kwa kila tani ya shaba, na hapo sijahesabu lori kurudi tupu wala injini kunguruma kwenye foleni ya Nakonde.

Kwa hiyo kipande kifupi cha safari ndicho kichafu zaidi, na hicho hakiguswi na mpango wa IMO wala wa Ulaya. Reli ingepunguza sehemu kubwa ya moshi huo. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa kazi hiyo katika miaka ya 1970, na Septemba 2025 ulitiwa saini mkataba wa dola bilioni 1.4 wa kuifufua na kampuni ya Kichina. Hata bila kuhesabu moshi, foleni za mpakani na mizani humgharimu mwagizaji wa Nchelenge kuliko dola 84.

Bandari nayo ina sehemu yake. Meli iliyotia nanga nje ikisubiri gati huendelea kuchoma mafuta ya jenereta, tuseme tani 5 kwa siku. Kwa dola 100 kwa tani ya hewa ukaa, kila siku ya kusubiri inaongeza dola 1,560 juu ya faini ya ucheleweshaji ambayo tayari ni kubwa zaidi.

Fedha zingekwenda wapi

Mpango wa London ulitazamiwa kukusanya zaidi ya dola bilioni 10 kwa mwaka katika mfuko maalumu wa IMO. Matumizi yaliyotajwa ni kuzituza meli zinazotumia mafuta safi, kusaidia nchi zinazoendelea kujenga uwezo, na kufidia athari mbaya kwa nchi dhaifu, zikiwamo athari kwa usalama wa chakula. Mgawanyo wenyewe uliachwa kuamuliwa baadaye.

Hapo ndipo penye ugomvi wa kweli. Tathmini ambayo UNCTAD iliifanyia IMO mwaka 2024 ilionyesha kwamba nchi maskini zaidi na visiwa vidogo zingeumia kuliko nchi tajiri. Sababu inaeleweka: bidhaa nyingi wanazoagiza ni za bei ndogo na uzito mkubwa, kwa hiyo gharama ya usafiri ni sehemu kubwa ya bei. Visiwa vinajulikana London na vina watetezi hodari. Nchi zisizo na bahari husikika kidogo, wakati mzigo wao hulipa meli, kisha bandari ya jirani, kisha lori, kisha mpaka. Zambia ni mwanachama wa IMO tangu 2014, na Kongo ina pwani fupi ya Atlantiki na ni mwanachama wa muda mrefu zaidi. Kura ya Zambia ina uzito sawa na ya Ugiriki. Fidia ikigawanywa kwa kuangalia bandari peke yake, fedha zitakwenda kuboresha gati la Dar es Salaam au Walvis Bay, jambo jema, lakini barabara ya kutoka Kasama kuja ziwani itabaki ilivyo.

Ankara ya kuangalia

Mwaka 2024 mfanyabiashara mmoja alinionyesha ankara ya kontena lililotoka kusini mwa China kupitia Dar es Salaam. Kulikuwa na mstari wa nyongeza ya hewa chafu, dola kadhaa, na wakala aliyemletea alishindwa kumweleza ni ya sheria gani. Alilipa, kwa sababu kontena lilikuwa bandarini na gharama za kuhifadhi zilikuwa zikipanda.

Mstari huo ulikuwa na walakini. Hadi kura ya Oktoba 2025 hakukuwa na bei ya kaboni ya kimataifa kwa safari kati ya Asia na Afrika Mashariki. Gari lililotumika kutoka Yokohama, nyavu kutoka Qingdao au mbolea kutoka Ghuba, kama meli haikugusa bandari ya Ulaya, havikuwa na tozo ya kaboni ya kisheria. Kampuni ya meli ina haki ya kupandisha nauli yake ipendavyo, kwa sababu za mafuta au nyinginezo, lakini kuipachika jina la tozo ya Ulaya ni jambo jingine. Kwa mzigo unaotoka Ulaya nyongeza ni halali, ila kiwango chake hutegemea mwaka wa safari na bandari ya kwanza ambako mzigo ulishushwa nje ya Ulaya.

Muulize wakala wako mambo mawili kabla meli haijang'oa nanga: nyongeza hii ni kwa kanuni ipi, na kontena langu litashushwa bandari gani kwanza. Jibu la swali la pili limo kwenye ratiba ya meli, ambayo kampuni nyingi huiweka wazi kwenye tovuti zao.